Alama Isiyokuwa Kwenye Orodha

Watu wa jengo lile la ghorofa tatu walimwita Mzee Orodha, na hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyohivyo. Jina lake la cheti halikutumika popote isipokuwa kwenye karatasi ya mshahara. Kabla ya kuwa msimamizi wa nyumba alikuwa karani wa bohari katika kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilipofungwa aliondoka na koti la kazi la rangi ya kijivu, pamoja na tabia ya kuandika kila kitu kilichopo kabla hakijapotea.

Mpangaji mpya alipofika, Mzee Orodha hakumkabidhi funguo papo hapo. Alimwingiza chumbani, akatoa daftari lenye jalada gumu, na wawili hao wakazunguka kuta zote nne, kuanzia mlangoni kwenda kulia mpaka wakarudi mlangoni tena. Kila tundu la msumari liliandikwa, na kila doa. Kwa nyufa alikuwa na kipimo chake mwenyewe, njiti ya kiberiti. Ufa ambao kichwa cha njiti kiliingia ulikuwa uharibifu. Ufa uliokataa njiti aliuita uchovu tu. "Nyumba nayo inazeeka," alikuwa akisema, "hata mimi nina mikunjo na hakuna aliyenikata mshahara." Kisha aliisoma orodha yote kwa sauti, taratibu, huku mpangaji akipiga miayo, na mwisho wote wawili waliweka sahihi. Siku ya kuhama orodha ileile ilisomwa upya. Kilichokuwemo kilikuwa cha nyumba. Kisichokuwemo kilikuwa cha mpangaji, na gharama yake ilikatwa kwenye amana aliyoweka alipoingia.

Walimcheka sana. "Mzee, umesahau kuhesabu inzi," walimwambia. "Huyo mjusi naye mwandike, asije akasingiziwa mtu." Lakini waliohama walimshukuru, kwa sababu katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kukatwa senti kwa tundu alilolikuta.

Enzi za mwenye nyumba wa kwanza, mama mmoja mjane aliyeishi ghorofa ya juu, amana zilikaa ndani ya sanduku la bati, kila chumba na bahasha yake. "Hizi si zetu," mama yule alipenda kusema, "zimelala tu hapa." Alipofariki, mwanawe alirithi jengo. Watu walimwita Bosi Mdogo, ingawa upara ulikuwa umeshafika utosini. Wiki ya kwanza alilifungua sanduku, akanunua pampu ya maji, na fedha iliyobaki hakuna aliyejua ilikwenda wapi. Tangu hapo anayehama alilipwa kwa amana ya anayehamia. Aliyevunja mkataba kabla ya mwaka kwisha alikuwa kero kwa Bosi Mdogo, maana alidai fedha kabla hajapatikana mtu wa kuileta. Agizo alilompa Mzee Orodha lilikuwa fupi.

"Anayevunja mkataba, mtafutie kitu."

Mzee Orodha hakuwahi kumtafutia mtu kitu. Alisoma orodha, basi. Kama orodha ilikuwa safi, hata Bosi Mdogo alinyamaza, kwa kuwa sahihi zilikuwepo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngao yake, na aliiamini kama watu wengine wanavyoamini benki.

Mpangaji wa chumba namba saba alikuwa asiyeona. Alifanya kazi ya kupokea simu katika ofisi moja kubwa, akiunganisha wapigaji na vyumba zaidi ya mia mbili ambavyo namba zake alizijua kwa kichwa. Kwa hiyo wote walimwita Opereta. Siku aliyohamia, miaka mitatu na miezi mitano kabla ya mambo haya, alikuwa mpangaji pekee ambaye hakupiga miayo. Kila Mzee Orodha aliposoma, yeye alinyoosha mkono akagusa.

"Namba tano. Matundu mawili ya msumari, juu ya swichi."

"Ninayo," alijibu Opereta, kidole kikiwa ndani ya tundu.

"Namba tisa. Ufa mwembamba kando ya dirisha. Njiti haiingii."

"Hebu nipe hiyo njiti." Aliijaribu mwenyewe, mara mbili, kisha akacheka. "Kweli haiingii. Mzee, wewe ungekuwa daktari watu wangepona."

Walipofika mwisho, namba kumi na nane, Opereta aliomba jambo moja. "Andika pia kwamba mimi natembea kwa kushika ukuta. Huko mbele isije ikawa kesi."

Mzee Orodha alicheka, kwa upole lakini kwa uhakika wa mtu wa bohari. "Hiyo haiandikwi, kijana wangu. Orodha ni ya kitu kilichopo. Kitu ambacho hakijatokea nitakiandikaje?"

"Haya, mzee. Wewe ndiye mwenye kalamu."

Wakaweka sahihi. Opereta aliweka yake kwa dole gumba, akapewa nakala, akaiweka kwenye droo asiyokuwa na haja ya kuifungua.

Kisha ofisi ile ilileta mtambo unaopokea simu wenyewe na kuwaambia watu wabonyeze moja au mbili. Opereta alipewa barua, na mwenzake wa zamu ndiye aliyemsomea. Kodi ya mwezi uliofuata asingeimudu, na mkataba ulikuwa na miezi saba mbele. Alishuka ngazi mpaka chumba cha Mzee Orodha cha chini, karibu na geti, akakaa kwenye kiti alichosogezewa na mke wa mzee.

"Nahama mwisho wa mwezi, mzee wangu. Najua mkataba unasemaje. Amana yangu ni ya miezi miwili. Mwezi mmoja ni wao kwa kuwa nimeuvunja. Sitabisha hata kidogo."

"Na huo wa pili?"

"Huo wa pili ndio maisha yangu." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kwa sauti ileile ya kuunganisha simu. Kulikuwa na chuo kinachofundisha ukandaji wa misuli, kazi ambayo asiyeona huifanya sawa na mwingine yeyote, na mara nyingine vizuri zaidi. Chuo kilikuwa na bweni. Kilikuwa kimemwekea nafasi moja mpaka tarehe mosi, na ada ya kuanzia ilikaribiana sana na kodi ya mwezi mmoja. "Nikiipata, naingia chuoni. Nikiikosa, naenda kwa kaka. Kaka ana moyo mzuri, lakini kule nitakuwa kama gunia. Watoto wakifagia nahamishwa kona hii, wakipiga deki nahamishwa ile."

"Utaipata," mke wa mzee alisema kabla mumewe hajafungua mdomo. "Chumba chako kisafi kuliko changu."

"Jumanne tutasoma orodha," alisema Mzee Orodha. "Ijumaa Bosi anakuja kukagua. Ikiwa sawa, atalipa."

Jumanne ilifika. Chumba namba saba kilikuwa na kitanda, kabati la nguo, meza na redio, kila kitu mahali pake kwa sababu mwenyewe asingekipata vinginevyo. Mzee Orodha alifungua daftari na kuanza mlangoni kwenda kulia. Matundu mawili ya msumari, yapo. Kigae kilichopasuka, kipo. Alisoma namba kumi, na kumi na moja, kisha akanyamaza.

Alikuwa ameingia chumba kile mara nyingi, kubadilisha balbu au kuzibua sinki, na macho yake yalikuwa yamepita juu ya kitu kile bila kukiona. Sasa kitanda kilikuwa kimesogezwa na mwanga wa dirisha uliangukia ukuta mzima. Kwenye kimo cha kiuno, kutoka mlangoni, kupita pembeni mwa kabati, hadi dirishani na kurudi kitandani, ilipita alama ya rangi ya kahawia, upana wa kiganja, inayong'aa kidogo kama mpini wa jembe la zamani. Mahali pa kugeukia, karibu na dirisha, ilikuwa nyeusi zaidi. Miaka mitatu na miezi mitano ya mkono mmoja, kwenda na kurudi.

"Mbona umenyamaza, mzee?"

"Nipo. Nasoma namba kumi na mbili."

"Namba kumi na mbili ni bawaba ya dirisha. Wewe umesimama karibu na kitanda."

Mzee Orodha alifunga daftari. Akamweleza alivyoiona, bila kupunguza. Opereta alinyoosha mkono, akauweka juu ya alama bila kutafuta, kama mtu anayeshika bega la ndugu.

"Ni hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Inaonekana vibaya?"

"Inaonekana."

"Kumbuka niliomba uandike."

"Nakumbuka."

Opereta alivuta droo, akatoa nakala yake, akaikunjua na kuinyoosha mbele, pembeni kidogo ya alipokuwa Mzee Orodha. "Basi andika sasa. Namba kumi na tisa. Kalamu ni ileile, daftari ni lilelile. Mimi sitaona."

"Nitaona mimi," alisema Mzee Orodha.

Mkewe alipoambiwa alitupa ufagio chini. Alikuwa mwanamke mpole, na ufagio ule ulimshtua mzee kuliko maneno.

"Aliomba au hakuomba?"

"Aliomba."

"Ulikataa wewe au alikataa yeye?"

"Mimi."

"Sasa unaogopa nini kuandika kilichosemwa kweli siku ile ile?"

"Hakikuandikwa siku ile. Watu wameweka sahihi juu ya mambo kumi na nane. Nikiongeza la kumi na tisa leo, kesho mpangaji wa ghorofa ya pili atasema nimeongeza na lake. Na Bosi akigundua, naye ataongeza yake. Orodha nzima itakuwa takataka. Watu wote wa jengo hili, mama, kinga yao ni hilo daftari."

"Watu wote isipokuwa mmoja."

Mzee Orodha alikaa na daftari mapajani hadi chai ikapoa. Mara moja alifungua ukurasa wa chumba namba saba, na chini ya namba kumi na nane, juu ya sahihi, palikuwa na nafasi tupu inayotosha maneno manane au tisa. Alijua hata maneno yenyewe. Alitoa kalamu, akaijaribu pembeni ya gazeti kuona kama wino unafanana, na ulifanana kabisa. Kisha akaifunika. Katika bohari ya sabuni aliwahi kumwona karani mwenzake akiongeza katoni kumi kwenye karatasi iliyokwisha kusainiwa, kwa sababu nzuri, ya kumwokoa dereva. Mwaka uleule kila karatasi ya bohari ile ilikuwa na kitu kilichoongezwa. Alijiambia kwamba atamweleza Bosi ukweli wote kwa mdomo, na ukweli utatosha.

Ijumaa Bosi Mdogo alikuja, miwani ya jua kichwani, funguo za gari zikizunguka kidoleni. Alisimama katikati ya chumba, akatazama ukuta, akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Hii ni nini?"

"Ni mkono, bosi. Bwana huyu haoni, hutembea kwa kushika ukuta. Huo ni uchakavu wa kawaida."

"Wa kawaida kwa nani? Vyumba vingine vinayo?"

"Wapangaji wengine wanaona."

"Ipo kwenye orodha?"

"Siku anaingia aliniomba niandike kwamba atashika ukuta. Mimi ndiye niliyekataa. Kosa ni langu."

"Sijauliza kosa la nani, mzee. Nauliza, ipo au haipo?"

Opereta alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Mzee Orodha alimtazama, ingawa kumtazama hakukumsaidia yeyote.

"Haipo," alisema.

"Nani alinifundisha kwamba kama haipo kwenye orodha, basi mpangaji ndiye aliyeifanya? Si wewe mwenyewe, siku ile nilipofungua sanduku?" Bosi Mdogo alimpigapiga begani, karibu kwa upendo. "Wewe ndiye mtu pekee mkweli niliyemrithi. Kupaka chumba kizima, rangi na fundi, ni mwezi mmoja. Mwezi mwingine ni wa kuvunja mkataba. Tumemalizana."

"Bosi, nitapaka mimi, bure. Usimkate gharama ya fundi."

"Ukipaka wewe, fedha ya fundi inabaki kwangu. Asante kwa wazo."

Aliondoka. Injini ya gari ilisikika hadi kona ya barabara. Opereta alikuwa bado mlangoni.

"Alikuuliza mara mbili," alisema.

"Naam."

"Mara ya pili ungeweza kusema ipo. Asingefungua daftari. Mtu huyo husikiliza sauti tu, kama mimi."

"Najua, kijana wangu."

"Sawa." Akatafuta ukuta kwa mkono, kisha akaurudisha mkono nyuma kabla haujafika. "Nisiongeze deni."

Kaka yake alikuja na gari dogo la mizigo Jumapili. Vitu vilikuwa vichache. Kaka alisema asante nyingi na kumtaka radhi kila mtu, kama mtu anayekuja kumchukua mtoto aliyevunja kioo cha jirani.

Mzee Orodha alipaka chumba namba saba kwa mikono yake. Alikwangua, akapaka mkono wa kwanza wa rangi, akapaka wa pili, na chumba kikawa cheupe kama karatasi. Wiki haikuisha. Asubuhi moja alipofungua dirisha ili harufu itoke, aliiona imerudi. Mafuta ya ngozi yalikuwa yamepenya rangi yote na kutokeza tena, hafifu, ya manjano, lakini ileile, na pale pa kugeukia karibu na dirisha palikuwa pameiva kuliko pengine. Alipaka mara ya tatu. Ilirudi. Fundi wa duka la rangi alimwambia angelipaswa kuosha kwa sabuni kali kwanza. "Mzee, wewe si ulikuwa kiwanda cha sabuni?" alimtania. Mzee Orodha hakucheka. Alimpelekea Bosi Mdogo habari kwamba fedha ya kupaka imekatwa na alama haijatoka. Bosi alijibu kwamba kama haivuji maji, kipangishwe.

Aliyekipanga alikuwa muuguzi, msichana mwenye haraka, aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu. Mzee Orodha alimzungusha kuta zote nne. Alipofika namba kumi na tisa aliandika kwa herufi kubwa kuliko nyingine: Alama ya kiganja, kimo cha kiuno, kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi kitandani.

"Nani alifanya hivi?" aliuliza muuguzi.

"Mtu alikuwa akitembea."

"Wala haionekani sana. Si lazima uandike, mzee."

"Ni lazima," alisema, akamgeuzia daftari, na muuguzi akachukua kalamu upesi akaweka sahihi.

Siku ya pili yake Mzee Orodha alivaa koti la kijivu, akatia mshahara wake wa mwezi ndani ya bahasha, mkewe akiwa ndiye aliyeifunga, wakakubaliana watakavyokula. Alikwenda kwa kaka wa Opereta kwa miguu. Nyumba ilikuwa ndogo na mpya, na mke wa kaka alimkaribisha kwa maji ya kunywa. Opereta alikuwa kwenye kiti cha plastiki kwenye korido, mikono juu ya magoti, redio yake chini ya kiti.

"Mzee Orodha," alisema kabla hajaamkiwa. "Koti lako bado linanuka rangi."

Mzee aliiweka bahasha mkononi mwake. Opereta aliipima kwa vidole, bila kuifungua.

"Imetoka kwa Bosi?"

"Imetoka kwangu."

"Basi siyo ile." Hata hivyo aliitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. "Nashukuru. Nitampa shemeji, chakula si bure. Chuo walimpa mwingine nafasi tarehe mbili. Wamesema nijaribu mwakani."

"Mwakani si mbali."

"Kwa mwenye shughuli, si mbali."

Walizungumza kidogo kuhusu muuguzi, kuhusu pampu ya maji iliyoharibika tena. Mzee Orodha alipoaga, Opereta alisimama ili amsindikize mpaka mlangoni, hatua saba au nane. Alizitembea mikono ikiwa imekunjwa kifuani, taratibu sana, bega likagonga kabati, goti likagonga ndoo. Mzee alitaka kumshika mkono, lakini sauti ya shemeji ilitoka jikoni, yenye adabu, "Shemeji, tafadhali, ukuta."

"Nakumbuka," alijibu Opereta. Akamwelekea mgeni wake na kusema kwa sauti ya chini, "Wamepaka juzi tu."

Mzee Orodha, kwa mazoea yasiyomwacha, alitazama ukuta ule kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni, kwenye kimo cha kiuno. Ulikuwa mweupe kabisa. Hapakuwa na kitu cha kuandika.